Barua ya wazi kwa wakuu wa afya wa Haut-Katanga: kabla ya mashine, tupeni kitanda na barafu

Lubumbashi

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya wa Jimbo la Haut-Katanga,
kwa Mkuu wa Divisheni ya Afya ya Jimbo,
kwa wakurugenzi wa hospitali na waganga wakuu wa kanda za afya za Lubumbashi

Waheshimiwa,

Tunawaandikia kwa heshima, sisi mafundi wa labo, wauguzi na waganga tunaohudumia wagonjwa wa tansio, yaani shinikizo la juu la damu, katika mji huu. Jambo letu ni kipimo kimoja cha damu, kipimo cha metanefrini, kinachofichua uvimbe uitwao feokromositoma, ambao hupandisha tansio. Huenda ombi letu likawashangaza, kwa kuwa hatuombi mashine. Tunaomba kitanda, saa moja ya muuguzi, barafu, friza isiyozimika, na njia ya uhakika ya kupeleka vichupa vya plazma mahali ambako mashine ipo tayari na inafanya kazi. Vitu hivyo vidogo ndivyo vinavyoamua kama jibu litakalorudi ni kweli au ni uongo, nasi tutaeleza kwa nini.

Kwanza ugonjwa wenyewe, kwa ufupi. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo iitwayo adrenali. Sehemu yake ya ndani hutoa adrenalini na noradrenalini, zile homoni zinazomwagika mtu anaposhtuka. Feokromositoma ni uvimbe wa sehemu hiyo. Ndugu yake, paraganglioma, huota nje ya tezi, kwenye mafundo ya neva, popote kuanzia shingoni hadi karibu na kibofu. Mwenye uvimbe unaotoa homoni hushtushwa na mwili wake mwenyewe: kichwa kinagonga, jasho linamtoka, moyo unakwenda mbio, uso unapauka, tansio inapanda ghafla, kisha yote yanatulia kana kwamba hakukuwa na kitu. Wengine hawana vipindi hivyo, wana tansio ya kila siku isiyosikia dawa. Kati ya watu mia wenye tansio wanaofika kliniki, wenye uvimbe huu ni kati ya 0.2 na 0.6, yaani kama mtu mmoja katika kila mia mbili hadi mia tano. Ni wachache, lakini tansio yao mara nyingi huisha kwa upasuaji, na hilo si jambo geni: Roux kule Lausanne na Mayo kule Rochester waliutoa uvimbe wa aina hii mwaka 1926.

Asiyejulikana kuwa nao anaweza kuuawa na kabati letu la dawa. Metoklopramidi, ambayo hapa hutolewa kwa kila kichefuchefu, inaweza kuufanya uvimbe umwage homoni zake zote kwa mara moja. Ketamini, tegemeo la vyumba vingi vya upasuaji, huongeza moto juu ya moto. Propranololi ikitolewa peke yake kwa moyo unaokwenda mbio huziba zile njia zinazoitanua mishipa na kuziacha zile zinazoibana, na tansio hupanda badala ya kushuka. Mama mjamzito mwenye uvimbe huu huandikiwa eklampsia inayokuja, ingawa tansio yake ilianza kabla ya wiki ya 20 na mkojo wake hauna protini. Mganga hana kosa kwa kutumia dawa alizofundishwa, kama hakuna mahali anapoweza kuuliza swali akajibiwa.

Kwa nini metanefrini, na si adrenalini yenyewe? Adrenalini huingia kwenye damu kwa vishindo na kutoweka baada ya dakika chache. Ukichota damu kati ya kishindo na kishindo, waweza usione kitu. Lakini ndani ya seli za uvimbe homoni huvuja muda wote kutoka kwenye vifuko vyake, na kimeng'enya kiitwacho COMT huigeuza kuwa metanefrini na normetanefrini hapo hapo. Kazi hiyo haingoji kishindo, inaendelea usiku na mchana. Utafiti mkubwa wa Lenders na wenzake, uliotolewa mwaka 2002, ulionyesha kwamba metanefrini huru za plazma huwakamata wagonjwa 99 kati ya 100. Katekolamini za plazma zilikamata 84. Kipimo cha zamani cha mkojo, asidi ya vanilimandeliki au VMA, ambacho bado kimechapishwa kwenye boni nyingi za labo (karatasi za kuombea vipimo), kilikamata 64 tu. Tunaomba VMA ifutwe kwenye boni hizo. Kipimo kinachowakosa zaidi ya theluthi ya wagonjwa ni hatari kuliko kukosa kipimo, kwa sababu anayeambiwa "hakuna kitu" hatafutwi tena.

Sasa tufike kwenye kitanda.

Mgonjwa akija kama ilivyo desturi, anatoka Ruashi au Katuba kwa taksibasi, anapanga mstari, anaitwa, anakaa kwenye kiti, anachomwa sindano. Damu hiyo imeshaharibika kabla ya kuingia kwenye tyubu. Mtu akisimama, mishipa yake hujibana ili damu isiteremkie yote miguuni, na noradrenalini ndiyo inayofanya kazi hiyo. Kwa hiyo normetanefrini ya aliyeketi huwa juu kuliko ya aliyelala. Mipaka ya kawaida inayoaminika ilipatikana kwa watu waliolala. Kusoma damu ya aliyeketi kwa mipaka ya aliyelala ni sawa na kumpima mtu uzito akiwa amebeba gunia la makaa, kisha ukamwambia amenenepa.

Inavyotakiwa ni hivi. Mgonjwa afike asubuhi, hajala tangu usiku, hajanywa kahawa, hajavuta sigara. Alazwe chali, mto mmoja kichwani, katika chumba kisicho na kelele. Muuguzi amtie kanula kwenye mkono, unene wa geji 20 au 22, na aifunge bila kuchota kitu. Hapo saa ianze kuhesabiwa: dakika 30 kamili, bila kukaa, bila kwenda chooni, bila kujibu simu. Maumivu ya sindano nayo hupandisha homoni, ndiyo maana kanula hutangulia na damu hufuata. Dakika 30 zikitimia, na mgonjwa akiwa bado amelala, mililita 2 au 3 za kwanza zimwagwe, maana zina mabaki ya kanula, kisha zijazwe mililita 4 hadi 6 katika tyubu ya EDTA yenye kifuniko cha zambarau iliyokwisha kupozwa. Tyubu igeuzwe polepole mara 8 hadi 10. Isitikiswe.

Kuna jambo ambalo vitabu vya nchi za joto hulisahau, nalo ni baridi. Asubuhi za mwezi wa sita na wa saba hapa Lubumbashi si za mchezo, na mtu anayetetemeka hutoa noradrenalini kama anayekimbia. Blanketi moja juu ya kitanda hicho lina thamani kuliko vitendanishi vingi. Tunalitaja kwa makusudi, ili lisije likafutwa kwenye orodha ya manunuzi kama kitu cha anasa.

Kuhusu chakula, metanefrini zenyewe huru za plazma hazisumbuliwi sana na kilicholiwa. Anayesumbuliwa ni ndugu yao wa tatu, metoksitiramini, itokanayo na dopamini, ambayo hutusaidia kuutambua uvimbe unaotoa dopamini. Ndizi zina dopamini nyingi. Mgonjwa aliyekula ndizi mbili njiani kwa sababu alihofia njaa ya mstarini atarudi na metoksitiramini ya kutisha, naye ni mzima. Basi karatasi ya maelekezo iandike waziwazi: usile ndizi asubuhi hiyo, usile kitu chochote, kunywa maji tu. Na iandikwe kwa Kiswahili. Karatasi za Kifaransa hukunjwa na kutiwa mfukoni bila kusomwa, hilo sote tunalijua.

Dawa ndizo zenye mitego mibaya zaidi, na mitego yenyewe ni ya namna mbili, nayo hutibiwa tofauti. Namna ya kwanza hudanganya mashine. Paracetamol ni mfano: katika mashine za zamani zinazosoma kwa njia ya umeme, alama yake huweza kukaa juu ya alama ya homoni, na kwa mashine hizo huachwa siku tano kabla. Mashine za spektrometa, zinazotambua kila kemikali kwa uzito wake, hazidanganyiki nayo. Methyldopa, ambayo mama zetu wajawazito wengi wanaimeza, inafanana mno na malighafi ambayo mwili hutengenezea homoni hizi, nayo huweza kuvuruga usomaji. Namna ya pili haidanganyi mtu: inapandisha homoni kweli, ila bila uvimbe. Amitriptyline huzuia noradrenalini isirudi ndani ya neva, kwa hiyo inabaki nje na kugeuzwa. Inafaa iachwe walau wiki mbili, ikipunguzwa hatua kwa hatua na mganga aliyeiandika. Vidonge vya mafua vyenye pseudoephedrine, ambavyo hununuliwa farmasi bila karatasi, hufanya vivyo hivyo, na venlafaxine pia. Mgonjwa asiyeweza kukaa bila dawa ya tansio awekwe kwenye diltiazem au verapamil, au amlodipine ambayo kwa kawaida haileti shida kubwa. Asiachwe bila dawa yoyote kwa ajili ya kipimo. Na kama dawa haiwezi kuachwa, iandikwe kwenye boni, ili anayesoma jibu ajue anasoma nini.

Tyubu ikishajaa, saa nyingine inaanza. Chembe nyekundu za damu zina COMT yao. Ndani ya tyubu iliyoachwa mezani kwenye joto la mwezi wa kumi, chembe hizo zinaendelea kugeuza homoni, na normetanefrini inapanda ikiwa ndani ya chupa. Kwa hiyo tyubu itiwe kwenye maji yenye barafu mara moja. Tunasema maji yenye barafu. Mapande makavu ya barafu yakigusa kioo au plastiki hugandisha damu upande mmoja, chembe zinapasuka, na plazma inatoka nyekundu. Plazma nyekundu hutupwa. Huo ndio upotevu wa kijinga kuliko wote, kwa sababu mgonjwa amefunga kula, amelala nusu saa, amelipa nauli, na kazi yote inaishia kwenye ndoo.

Ndani ya saa moja, na isizidi mbili, damu izungushwe kwenye sentrifuji kwa dakika 10 kwa nguvu ya g 1500 hadi 2000 (yaani mara 1500 hadi 2000 ya mvuto wa dunia), kwenye nyuzi 4. Sentrifuji zetu nyingi huonyesha mizunguko kwa dakika, hazionyeshi g, na kila labo inabandika namba iliyorithi kwa waliotangulia. Hesabu si ngumu: chukua nusu ya upana wa duara kwa sentimita, zidisha kwa mizunguko mara mizunguko, kisha zidisha kwa 0.00001118. Mkono wa sentimita 15 ukizunguka mara 3000 unatoa karibu g 1500. Mkono wa sentimita 10 kwa mizunguko hiyo hiyo unatoa g 1000 tu, haitoshi. Kama sentrifuji haina ubaridi, vikombe vyake vipozwe kwenye frigo kwanza, izungushwe mara moja, na tyubu irudi barafuni bila kungoja. Plazma ivutwe ikibakizwa nusu sentimita juu ya chembe, igawanywe katika vichupa viwili vya mililita moja, na vyote viwili vigandishwe. Kimoja kinasafiri, kimoja kinabaki hapa, kwa kuwa mizigo hupotea. Majina yaandikwe kwa kalamu isiyofutika. Wino wa bic huondoka na ukungu wa friza, nasi hubaki na vichupa visivyo na wenyewe. Damu nzima isigandishwe hata kwa bahati mbaya.

Friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri inatosha kwa kungoja safari ya mwezi, mradi ibaki hapo. Friza za kisasa za nyumbani zinazojiyeyushia barafu zenyewe hazifai, maana hujipasha joto mara kwa mara ili ukuta usiote barafu, na plazma hupanda na kushuka pamoja nazo. Inunuliwe ya kawaida, ile ya mlango wa juu, ambayo ukiifungua baridi haimwagiki. Umeme unapokatika usiku, anayekuja asubuhi hukuta friza ikiwaka na baridi tele, asijue iliyeyuka saa nane na kuganda tena saa kumi na moja. Kipima joto chenye kumbukumbu ndicho dawa yake. Mpaka kitakaponunuliwa, kuna hila ya bei ya bure: gandisha maji kwenye kikombe, weka sarafu juu ya barafu, kiache ndani ya friza. Sarafu ikikutwa chini ya kikombe, sampuli zote za friza hiyo zimeyeyuka.

Tunajua swali litakalofuata: si afadhali tununue mashine yetu wenyewe? Tumelifikiria, na jibu letu ni hapana, angalau kwa sasa. Mashine inayosoma metanefrini vizuri ni kromatografia iliyounganishwa na spektrometa. Pampu zake za kuvuta hewa hufanya kazi usiku na mchana. Zikizimika, hewa huingia, na huchukua saa nyingi kabla mashine haijatulia ikaaminika tena. Inahitaji naitrojeni bila kukoma, vitendanishi vya kulinganishia vinavyoagizwa nje, na fundi wa matengenezo ambaye hayupo mjini. Na tukiwachagua wagonjwa kwa akili, sampuli za mji mzima kwa mwezi mashine ingezimaliza siku moja. Siku nyingine zote ingekaa ikila umeme na kungoja vumbi.

Kuna wanaopendekeza ELISA, kipimo cha kingamwili kinachofanywa kwenye sahani ya visima vidogo, kwa kuwa msomaji wake tayari upo katika labo kadhaa. Tuihesabu. Sahani ina visima 96. Viwango sita na vidhibiti viwili, kila kimoja mara mbili, vinachukua visima 16. Vinabaki 80, yaani wagonjwa 40 wakipimwa mara mbili kila mmoja. Ukiwa na wagonjwa wanane, ama unawangojesha miezi, ama unatupa sehemu kubwa ya sahani. Tena vipimo vya namna hii huwakosa wagonjwa zaidi kuliko spektrometa. Vinaweza kufaa siku ambayo mji utakuwa na wagonjwa wa kutosha kujaza sahani kila mwezi. Siku hiyo haijafika.

Johannesburg ina maabara zinazofanya kipimo hiki, na ndege huenda huko kutoka Luano, uwanja wetu wa ndege. Kazi iko kwenye ufungaji. Kichupa kiwekwe ndani ya chombo cha pili kisichovuja chenye kitambaa cha kufyonza, na hicho kiwekwe ndani ya sanduku gumu, kwa kanuni ya UN 3373, ile ya kusafirisha sampuli za wagonjwa. Barafu kavu, yenye namba yake UN 1845, iwekwe nje ya chombo cha pili, na sanduku lisizibwe kabisa: barafu hiyo haiyeyuki kuwa maji, inageuka gesi, na gesi isiyo na pa kutokea hupasua sanduku. Kwa siku moja sanduku la kawaida la povu hupoteza kilo 2 hadi 5 za barafu kavu. Mzigo wa siku mbili ukitumwa na kilo 3 utafika ukiwa mchuzi. Tunapendekeza kilo 10 kwa kila safari na kutuma Jumatatu pekee. Sanduku lililotumwa Ijumaa hulala forodhani mpaka wiki ijayo.

Kwa wagonjwa wa mbali, Kasenga au Pweto, ambako hakuna barafu wala sentrifuji, mkojo wa saa 24 unaweza kushika nafasi. Metanefrini za mkojo zikipimwa kila moja peke yake hukamata wagonjwa 97 kati ya 100, karibu sawa na plazma, ila huwashtaki bure wazima wengi zaidi. Mkojo wa kwanza wa asubuhi unamwagwa chooni na saa inaandikwa. Unaofuata wote unaingia kwenye kidumu, mpaka na ule wa asubuhi ya pili. Ndani ya kidumu kuna asidi ya hidrokloriki kidogo ili pH ibaki chini ya 4, na mgonjwa aonywe asikojoe moja kwa moja kidumuni, asije akaungua. Kreatinini ipimwe katika mkojo huo huo. Ikiwa chini mno, mkusanyo haukukamilika, na jibu zuri halina maana. Kinachosafiri ni mililita 10 au 20 tu zilizochanganywa vizuri, na jumla ya ujazo iandikwe kwenye boni. Mkojo wenye asidi huvumilia barabara kuliko plazma. Lakini kwa mwenye figo zilizokufa njia hii haifai kabisa.

Nani apimwe? Hapa tunaomba ukali, hata kama utatuletea lawama. Kipimo cha plazma huwashtaki bure watu 11 kati ya wazima 100. Tukiwapima watu 1000 wenye tansio bila kuchagua, na watano kati yao wakiwa na uvimbe, tutawapata wote watano, na pamoja nao wazima 109 watakaolala bila usingizi wakingoja skana wasiyo na fedha ya kuilipia. Tukiwachagua mpaka wenye uvimbe wakawa 50 katika 1000, kila mmoja kati ya watatu watakaokutwa na jibu baya atakuwa mgonjwa kweli. Basi apimwe mwenye vipindi vya kichwa, jasho na moyo kwa pamoja, mwenye tansio iliyoshinda dawa tatu, kijana na mtoto mwenye tansio isiyo na sababu, aliyeonekana na uvimbe wa adrenali kwenye skana iliyofanywa kwa jambo lingine, na yule ambaye tansio yake ililipuka mezani pa upasuaji au baada ya metoklopramidi. Wapimwe pia ndugu wa damu wa kila aliyekutwa nao, kwa kuwa karibu theluthi ya vivimbe hivi hurithiwa. Na kitu kimoja kikatazwe kwa maandishi: kuchoma sindano ya kuchukua nyama kwenye uvimbe wa adrenali kabla ya jibu la metanefrini. Sindano hiyo imewahi kuua watu duniani.

Jibu likirudi, lisomwe na mtu. Maabara nyingi huweka mpaka wa juu karibu na 0.5 nmol/L kwa metanefrini na 0.9 kwa normetanefrini, na hii ya pili hupanda na umri. Maabara nyingine huandika ng/L au pg/mL, ambavyo ni kitu kimoja. Zidisha nmol/L kwa 183 kwa normetanefrini, kwa 197 kwa metanefrini. Kuchanganya vizio hivi kumemfanya mtu mzima aonekane mgonjwa mara mia mbili. Jibu lililopita mpaka mara tatu au nne linahitaji skana ya tumbo bila kuchelewa. Jibu lililovuka kidogo linahitaji kwanza kuuliza: alilala? alikuwa na baridi? anameza nini? Mara nyingi kipimo cha pili kikifanywa kwa usahihi humaliza hadithi. Metanefrini yenyewe ikiwa juu, uvimbe karibu siku zote uko kwenye tezi ya adrenali. Normetanefrini ikiwa juu peke yake, uvimbe unaweza kuwa kwenye tezi au mahali pengine.

Na kabla ya kisu, mgonjwa atayarishwe siku 7 hadi 14 kwa dawa ya kufungua mishipa, doxazosin au prazosin, pamoja na chumvi na maji ya kutosha. Dawa ya kupunguza mbio za moyo ije baadaye, isitangulie kamwe. Kwa hiyo doxazosin iingie kwenye orodha ya dawa za jimbo. Kipimo bila dawa hiyo kitatuachia majina ya watu tusioweza kuwafikisha salama kwa mpasuaji.

Neno moja kuhusu kortizoli, homoni nyingine ya msongo, ambayo labo zetu kadhaa hupima tayari. Kortizoli ya mara moja, ya saa yoyote, haisemi kitu kuhusu uvimbe. Mgonjwa ameze miligramu 1 ya deksametazoni saa tano usiku, achotwe damu saa mbili asubuhi. Ikiwa chini ya 50 nmol/L, ugonjwa wa Cushing, yaani kortizoli kuzidi mwilini, haudhaniwi tena. Kabla ya hapo aulizwe, faraghani na bila kumwaibisha, kuhusu krimu za kung'arisha ngozi zenye clobetasol na vidonge vya kunenepesha. Nyuso nyingi za mviringo tunazoziona zinatoka kwenye kopo.

Basi tunaomba haya. Vituo viwili vya kuchotea damu, hospitali ya Jason Sendwe na Kliniki za Chuo Kikuu, kila kimoja kiwe na chumba chenye vitanda viwili, asubuhi mbili kwa wiki. Muuguzi mmoja na fundi mmoja waliofundishwa kwa kila kituo, wasihamishwe kabla ya mwaka kwisha. Friza moja kwa kila kituo, iunganishwe kwenye laini ya jenereta inayolinda chumba cha upasuaji. Boni moja kwa jimbo zima, yenye nafasi ya kuandika saa ya kulala, saa ya kuchota, saa ya kuzungusha, na dawa zote. Boni isiyo na saa ya kulala irudishwe, hata kama imetiwa sahihi na profesa. Mkataba mmoja na maabara moja ya nje, uingiwe na jimbo, ili bei isiwe ya kila familia kujadiliana peke yake na msafirishaji. Daftari moja la waliokutwa na uvimbe na ndugu zao, maana aliyepasuliwa anapaswa kupimwa kila mwaka kwa miaka 10 angalau.

Vitanda, friza na blanketi vinaweza kupatikana bila kungoja bajeti ya mwaka ujao. Mkataba ndio utakaochukua muda. Tuko tayari kuandika rasimu ya boni na ya maelekezo ya Kiswahili ndani ya wiki mbili tangu tutakapopata jibu lenu, na kuwafundisha wauguzi wa vituo vyote viwili siku za Jumamosi bila malipo.

Kwa heshima,

Mafundi wa labo, wauguzi na waganga wa tansio, Lubumbashi